Mtoto si gunia la keria: Baiskeli, kazi na malezi

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, mazungumzo ya nyumbani hugeuka kuwa ya nauli. Bodaboda ya kumpeleka mtoto chekechea imepanda, daladala ya kwenda kazini inajaa kabla haijafika kituoni kwenu, na ile baiskeli iliyoegeshwa nyuma ya nyumba inaanza kuonekana tena kama msaada. Baba anaifuta vumbi, anajaza upepo, mtoto anapakizwa kwenye keria, begi la shule linaning'inizwa kwenye usukani, safari inaanza.

Juni 3 ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Siku hiyo baiskeli husifiwa kwa afya, kwa hewa safi na kwa kuokoa fedha, na sifa hizo zote ni za kweli. Lakini mimi huiona baiskeli kwa upande mwingine pia, nikiwa chumba cha majeruhi, mbele yangu mtoto wa miaka 4 analia na kisigino chake kimechanika. Wiki hii nataka nizungumze na wewe mzazi ambaye baiskeli ndiyo gari lako, na ambaye una mtoto mdogo wa kumpeleka shule, kliniki au kwa bibi.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja, fundi uashi, alimleta binti yake ambaye mguu ulikuwa umeingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Nilisafisha kidonda, nikapiga picha ya eksirei, mfupa ulikuwa salama. Nikamfunga bandeji, nikaagiza arudi baada ya siku 2. Kisha nikamgeukia baba kwa ukali: "Baba, huyu mtoto usimpakie tena kwenye baiskeli." Akajibu kwa upole, "Sawa, daktari."

Hakurudi baada ya siku 2. Alirudi siku ya 9, ngozi ya kisigino imekuwa nyeusi na kidonda kinatoa usaha. Nilipomuuliza kwa nini amechelewa, alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Daktari, wewe ndiye uliniambia nisimpakie. Bodaboda kuja na kurudi ni hela ya chakula cha siku nzima. Nikasema ngoja nipate kwanza."

Binti yule alilazwa, akapandikizwa ngozi. Alipona, ingawa kovu lake bado linambana akivaa viatu vipya. Ushauri wangu ungeweza kuandikwa kwenye kitabu chochote cha usalama barabarani, na mtoto ndiye aliyeulipia. Tangu siku ile, mzazi akija na kidonda cha aina hiyo, simwambii aache baiskeli kabla sijamuuliza atarudije hospitali. Mara nyingine natoka naye hadi maegesho, tunaitazama baiskeli pamoja. Mengi ya yaliyomo kwenye safu hii nimejifunza pale maegeshoni.

Kwa nini kisigino?

Mtoto aliyekaa kwenye keria hana pa kuweka miguu. Miguu inaning'inia karibu na gurudumu linalozunguka. Akisinzia, akigeuka kumwangalia mwenzake au baiskeli ikiruka kwenye shimo, mguu unaingia ndani. Spoku zinauvuta, kisha zinaubana kwenye chuma cha fremu. Wanaoumia zaidi ni watoto wa kati ya miaka 2 na 8, na sehemu inayoumia zaidi ni kisigino na kifundo cha mguu.

Jeraha hili hudanganya. Siku ya kwanza unaona mchubuko, labda mkato mdogo, na unasema "ni kidogo tu." Kumbe ngozi haikukatwa tu. Imebanwa na kuvutwa kwa pamoja, na mishipa midogo ya damu iliyo chini yake imeharibika. Baada ya siku 2 au 3 ngozi hiyo huanza kubadilika rangi na kufa. Chini yake kuna mshipa mnene unaounganisha msuli wa nyuma wa mguu na kisigino, ambao mtoto anauhitaji ili atembee na kukimbia. Wakati mwingine mfupa wa juu ya kifundo huwa umevunjika na mtoto bado anakanyaga. Ndiyo maana nasema kila mguu ulioingia kwenye spoku uonwe na daktari au tabibu siku hiyohiyo, na uangaliwe tena baada ya siku 2 au 3.

Umri na uzito: itazame kadi ya kliniki

Swali ninaloulizwa sana na kina mama ni hili: "Daktari, naweza kumpakia kuanzia lini?"

Chini ya mwaka 1, usimpakie. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na misuli ya shingo bado haijapata nguvu. Barabara yenye mashimo inakirusha kichwa huku na huku. Kumfunga mgongoni kwa kanga au mbeleko huku unaendesha hakuondoi hatari hiyo, kwa sababu mkianguka, mnaanguka wote wawili, na yeye anaweza kuwa chini yako. Najua vijijini Tabora na Shinyanga mama anakwenda kliniki hivyo kwa sababu kituo kiko mbali. Kama ni lazima utumie baiskeli siku ya kliniki, ni afadhali mtoto abaki mgongoni, wewe utembee, na baiskeli isukumwe ikiwa na mizigo, angalau kwenye miteremko na barabara zenye magari.

Baada ya mwaka 1, kigezo ni mtoto kukaa wima mwenyewe bila kuegemea na shingo yake kuwa imara hata akiwa amevaa kofia ngumu. Mtoto aliyechelewa kukaa, au mwenye tatizo la misuli au degedege, muulize kwanza daktari wake.

Kisha angalia uzito. Viti vingi vya watoto vya kufungwa nyuma ya baiskeli vimetengenezwa kwa mtoto wa kilo 9 hadi 22. Usikisie, kadi ya kliniki inakuambia. Mtoto akizidi uzito huo, baiskeli inakuwa nzito nyuma, breki zinachelewa kushika na usukani unayumba unapoanza kuondoka.

Na mtoto ni mmoja. Ule mtindo wa mishikaki tunaoulaumu kwa bodaboda tumeuhamishia kwenye baiskeli: mmoja kwenye keria, mwingine kwenye bomba la fremu mbele, begi kwenye usukani. Ukiwa na watoto 2, safari ni 2, au mkubwa atembee.

Vifaa: anza na miguu

Wazazi wengi wakisikia neno "vifaa" wanafikiria duka la baiskeli za bei kubwa, wanakata tamaa hapohapo. Mimi ningekuomba ununue kwa mpangilio, kadiri mfuko unavyoruhusu.

Kwanza, miguu. Nenda kwa fundi wa kuchomelea hapo mtaani. Mwambie aweke vikanyagio viwili imara pande zote za gurudumu la nyuma, kwenye urefu ambao mtoto wako anafikia akiwa amekaa. Kisha mzibe spoku. Madigadi hufunika juu ya gurudumu tu, ubavuni huacha wazi. Kipande cha plastiki ngumu au wavu wa waya uliokunjwa kingo zake unaweza kufungwa kila upande, kwenye fremu na vyuma vya keria, bila kugusa gurudumu. Kiwe kinafunika kuanzia chini ya siti hadi pale kisigino cha mtoto kinapofika, na uking'ang'anize mkono kuhakikisha hakilegei. Mtoto avae viatu vilivyofungwa. Kandambili hazilindi kisigino na huchomoka njiani.

Pili, kiti. Mtoto mdogo aliyekaa kwenye keria tupu huku ameshika shati lako anategemea vidole vyake kwa uhai wake, na mtoto akisinzia vidole huachia. Anahitaji kiti chenye mgongo, mkanda wa kumfunga na sehemu ya kuweka miguu. Viti vya mtumba hupatikana. Kabla ya kulipa, kikunje kidogo uone kama plastiki imepasuka, jaribu mkanda kama unafunga na haufunguki ukivutwa, na hakikisha keria yako inakubeba uzito huo bila kucheza.

Tatu, kofia ngumu, yako na yake. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba kofia ya baiskeli hupunguza sana majeraha makubwa ya kichwa. Ivae ikae wima, vidole 2 juu ya nyusi, mikanda ifanye umbo la V chini ya masikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole 1 au 2. Kofia iliyosukumwa nyuma kisogoni inaacha paji la uso wazi. Ukimsuka mtoto mafundo makubwa utosini, kofia haitakaa. Mwambie msusi asuke nywele zilale. Ushungi mwembamba chini ya kofia hauna tatizo. Kofia ya mtumba yenye ufa, au iliyokwisha kupata ajali, usiinunue, kwa sababu sponji yake ngumu hufanya kazi yake mara moja tu. Mkifika shuleni mvue mtoto. Mikanda ya kofia inaweza kumnyonga akipanda bembea au mti akiwa ameivaa.

Nne, nguo. Kanga, baibui, sketi ndefu na ncha ya mtandio vikinaswa na cheni au gurudumu vinamwangusha mwendeshaji mara moja. Zikunje, zibane. Kizibao kinachoakisi mwanga, kama wanavyovaa bodaboda, kina maana hasa alfajiri na jioni, saa ambazo wazazi ndio mko barabarani.

Tano, breki na kengele. Baiskeli iliyobeba mtu mmoja inaweza kusimama kwa breki moja iliyochoka. Ukiongeza kilo 15 za mtoto kwenye mteremko, haisimami. Zikague breki zote mbili kila wiki.

Utaona kofia nimeiweka ya tatu. Sababu yake si kwamba kichwa hakina thamani. Nimeanza na vile ambavyo fundi wa mtaani anaweza kukufanyia leo, na ambavyo vinazuia jeraha tunaloliona mara nyingi. Ukiweza kufanya vyote kwa pamoja, fanya.

Jihadhari na usukani

Jeraha lingine linalotudanganya ni la watoto wanaoendesha wenyewe. Mtoto anaanguka, ncha ya usukani inamgonga tumboni. Anainuka, anajifuta vumbi, anaendelea kucheza. Tumboni kuna alama ndogo tu ya duara. Jioni anakataa chakula, anatapika, anashika tumbo, anapauka. Ncha ile inaweza kuwa imepasua bandama au ini, au imeumiza kongosho na utumbo.

Mtoto aliyegongwa na usukani tumboni asipewe dawa ya maumivu akalazwe. Mpeleke hospitali ukiona maumivu yanaendelea, kutapika, maumivu ya bega bila bega kugongwa, damu kwenye mkojo au kupauka. Kinga yake ni rahisi: ncha za usukani ziwe na vishikio vya mpira. Vikichakaa chuma kikatokeza, badilisha.

Na usimruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kuendesha peke yake kwenye barabara ya magari, hata kama ni hodari uwanjani. Watoto wa umri huo bado wana shida kukadiria kasi na umbali wa gari linalokuja.

Faida zipo, na ni zako zaidi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukiendesha dakika 20 kwenda kazini na 20 kurudi, kwa siku 5 umepata dakika 200. Umefanya kinga ya shinikizo la damu na kisukari bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Kwa mzazi asiye na muda wa ziada, sijui dawa nyepesi kuliko hiyo.

Ila mtoto aliyefungwa kwenye kiti hafanyi mazoezi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji jumla ya dakika 180 za kuchezacheza kwa siku, na asikae amefungwa sehemu moja zaidi ya saa 1 mfululizo. Mkifika, mshushe mbali kidogo na geti, atembee.

Kumbuka pia kwamba nyinyi wawili hamko kwenye hali ya hewa moja. Asubuhi ya Njombe au Mbeya wewe unatoka jasho, yeye amekaa anapigwa na upepo, mvalishe sweta. Mchana wa Dar es Salaam wewe unapata upepo, yeye amejificha nyuma ya mgongo wako juani, mpe maji. Na pale mnapoweza kuchagua, piteni mitaa ya ndani. Inaongeza dakika chache, lakini inawaepusha na magari makubwa na moshi wa bomba la daladala unaotoka usawa wa pua ya mtoto.

Barabara nayo ijibu

Sasa nigeukie upande ambao mzazi hawezi kuurekebisha kwa fundi wa kuchomelea.

Duniani watu takriban milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Umoja wa Mataifa umeweka muongo wa 2021 hadi 2030 uwe wa kupunguza vifo na majeruhi hao kwa nusu. Sheria yetu inataka kasi isizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Gari lililo kwenye kasi ya 50 hugonga kwa nguvu inayokaribia mara 3 ya gari lililo kwenye 30. Kofia ya mtoto haikutengenezwa kwa mgongano wa namna hiyo.

Tumewahi kuonyesha kwamba tunaweza. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, kando ya Barabara ya Morogoro palijengwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Leo mzazi mwenye mtoto kwenye keria akipita njia hiyo anakutana na bodaboda zinazokimbia foleni, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Anashuka barabarani, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Vilevile mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliorekebisha maeneo yanayozunguka shule za msingi, Dar es Salaam ikiwemo, ulishinda tuzo ya WRI Ross mwaka 2019. Kilichofanyika hakikuwa cha ajabu: matuta, njia za miguu, vivuko vya pundamilia, nguzo za kuzuia magari kupanda pembeni. Wanaougua kifua tunawapa dawa, na barabara inayoumiza watoto nayo ina dawa yake inayojulikana.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi, pamoja na michango ya uji na mitihani, ulizeni kuhusu tuta na kivuko mbele ya geti. Mwenyekiti wa mtaa na diwani wanaweza kulipeleka ombi TARURA, na TANROADS kama ni barabara kuu. Liandikeni, lisainiwe na wazazi, mbaki na nakala. Waambieni na vijana wa bodaboda wa kijiweni, ambao wengi ni wazazi wenzenu, njia ya baiskeli waiachie saa za shule.

Mguu ukinaswa

Simamisha baiskeli. Usiuvute mguu. Zungusha gurudumu kinyumenyume polepole, au mtu akate spoku. Kidonda kioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, kikitoa damu kigandamize. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa, majivu wala unga wa vidonge. Nenda kituo cha afya na kadi ya kliniki, tuone kama chanjo za pepopunda, zile za wiki ya 6, 10 na 14, zilikamilika.

Kama amegonga kichwa, kisha akapoteza fahamu, akatapika mara kwa mara, akawa mzito wa kuamka, akapata degedege au akatokwa na damu au maji masikioni, hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Na ukifika kwetu, ukamkuta daktari au muuguzi anakufokea kama nilivyomfokea yule baba, mwache amalize, kisha mwambie ukweli: "Nauli sina, baiskeli ndiyo itakayonirudisha hapa." Muulize njia ya kumrudisha mtoto salama kwa hiyohiyo baiskeli, na kama kuna zahanati ya karibu na kwenu inayoweza kubadilisha bandeji. Ni haki yako kupata jibu, na ni kazi yetu kulitafuta.

Jumamosi hii, kabla hujampakia tena, mkalishe mtoto kwenye baiskeli ikiwa imesimama kwenye stendi. Chuchumaa uangalie visigino vyake viko wapi. Vikiwa karibu na spoku, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.